Nyongeza ya Mtoto

Mama yangu alikuwa na ng'ombe wanne, na mmoja wao alimwita Shangazi. Jina lilitokana na tabia. Ng'ombe yule alikuwa akimtazama mtu juu hadi chini kabla ya kukubali kukamuliwa, na alitembea zizini kana kwamba wenzake ni wapangaji wake. Dada wa marehemu baba alipolisikia jina hilo alinuna wiki nzima. Kisha akaja kumwona ng'ombe mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, nakubali," alisema. "Tumefanana."

Kila asubuhi mama alikamua, akafunga madumu mawili kwenye baiskeli, akavaa kofia yake pana, akavuka daraja. Mto ule ndio mpaka. Upande wa pili ni nchi nyingine, yenye bendera nyingine na saa ileile. Sisi tulipaita ng'ambo, na watu wa kule nao walituita sisi ng'ambo, kwa hiyo hakuna aliyemzidi mwenzake. Walinzi wa darajani walimjua mama tangu nywele zake zikiwa nyeusi, walimpungia mkono tu akapita. Alikuwa na wateja thelathini na kitu kule, na hakuna hata mmoja aliyejua jina lake. Walimwita Bibi Kofia.

Mimi ndiye kitinda mimba wake, na ndiye niliyebaki nyumbani. Nafanya kazi kwenye maabara ya ofisi ya mifugo, chumba chenye dirisha moja na majokofu mawili, moja zima na moja la kubembeleza. Kazi yangu ni kupima damu za wanyama. Nilikuwa mkali kweli kweli kwa wafugaji waliochelewa kupimisha. Ila ng'ombe wa nyumbani kwetu sikuwa nimewapima hata siku moja. Mama alikuwa akisema wanyama wake hawana shida, na mimi nikifika mlangoni kwake nilikuwa mtoto tena.

Mwaka huo alianza kulalamika mgongo. Akirudi kutoka ng'ambo alikaa kibarazani akijikanda kiuno. Jioni homa ilimshika, akatoka jasho mpaka nguo zikalowa chapa, na asubuhi akaamka kama hakuna kilichotokea. Alipimwa malaria mara tatu, hawakuona kitu.

"Ni uzee," alisema. "Ukiukataa unakuja kwa hasira."

Basi kazini kwetu tulikuwa na mkutano wa kila Jumatano. Zamani, ugonjwa ukizuka ng'ambo, taarifa ilipanda mpaka mji mkuu wao, ikavuka kwenda mji mkuu wetu, kisha ikateremka hadi kwetu baada ya miezi mitatu, wakati daraja lenyewe unalivuka kwa dakika nne. Ndipo nchi mbili zikatia saini kwamba watu wa mifugo na watu wa hospitali, wa pande zote mbili, wakutane wenyewe na kupeana matokeo. Tulipewa chumba kimoja darajani, kilichokuwa stoo ya mizigo iliyokamatwa na forodha. Miezi ya mwanzo ilikuwa vichekesho. Wao waliandika mwezi kabla ya tarehe, sisi tarehe kabla ya mwezi. Ugonjwa mmoja ulikuwa na majina manne. Afisa forodha mmoja alizuia sanduku letu la barafu saa mbili nzima akitaka kujua kama damu ya ng'ombe ni bidhaa au ni abiria. Lakini tulizoeana. Tukajua nani anakunywa chai bila sukari na nani ana mtoto anayeota meno.

Jumatano moja muuguzi mkuu wa hospitali ya ng'ambo alifungua daftari lake kabla hata ya chai. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na sote tulimwita Dada Mkuu.

"Nina wagonjwa saba," alisema. "Homa za jioni, viungo, mgongo. Malaria hawana. Nikawapima ule ugonjwa wa kutupa mimba."

Ugonjwa huo ni wa ng'ombe. Humfanya atoe ndama kabla ya siku zake, na humwingia mtu kwa maziwa mabichi au kwa kugusa uchafu wa uzazi. Ukishamwingia unaweza kumsumbua miezi, hata miaka, huku unajifanya malaria.

"Wote saba wanao," aliendelea. "Mmoja alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Mimba imetoka."

Mkubwa wangu wa kazi, daktari wa mifugo ambaye wafugaji walimwita Mzee Sindano, aliweka kikombe chini polepole.

"Wanakunywa maziwa ya nani?"

"Ya mtu mmoja kutoka upande wenu. Jina lake hawalijui. Wanasema ni Bibi Kofia."

Sitasema uongo, kwanza nilinyamaza. Upande wetu hakuna aliyemwita mama kwa jina hilo, hata Mzee Sindano hakulijua. Ningeweza kusema tutachunguza. Ningeenda nyumbani, ng'ombe wale wangeuzwa mnadani wiki hiyohiyo, na ugonjwa ungehamia kwenye zizi la mtu mwingine, mbali na mimi. Wazo hilo lilinijia zima zima, limeshavaa na viatu. Nililiogopa. Nikasikia sauti yangu inasema:

"Namjua. Ni mama yangu mzazi."

Dada Mkuu aliinuka, akaizunguka meza, akavuta kiti akakaa ubavuni kwangu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Hapa hatutafuti mkosaji. Tunatafuta ng'ombe." Kisha akainamisha kichwa. "Na mama mwenyewe hajambo? Mgongo haumsumbui?"

Hapo ndipo nilipolia. Mwaka mzima nilikuwa nimeutazama ugonjwa ninaoupima kila siku ukiwa umekaa kwenye kibaraza chetu, na nilikuwa nikiupa pole.

Siku hiyohiyo nilimwambia mama kuna ugonjwa ng'ambo, ng'ombe wote wa karibu na mto wanapimwa, kwa hiyo maziwa asiuze mpaka majibu yatoke, na ya kunywa yachemshwe mpaka yapande. Habari ya mimba sikuthubutu kuitaja. Aliguna, lakini alitii. Alichemsha sufuria baada ya sufuria, akawagawia majirani, nyumba nzima ikanukia maziwa.

Mzee Sindano alisema si haki mimi nipime ng'ombe wa mama yangu. Majibu yakiwa mabaya watu watasema nimemwonea, yakiwa mazuri watasema nimemkinga. Kwa hiyo mpimaji alitoka ng'ambo. Alikuwa mtu mzima mrefu, mkimya mno, ambaye wenzake walimbandika jina la Mpole. Alifika zizini na sanduku lake la barafu, amefuatana na Dada Mkuu.

"Unaniletea wageni bila kuniambia?" mama aliniuliza kwa sauti ya chini, huku anatabasamu kwa ajili ya wageni. "Hata kufagia sijafagia."

Mpole alivua viatu vyake vizuri, akavaa vya mpira, akamwendea Shangazi. Ng'ombe akamtazama juu hadi chini. Yeye akasimama tu, akasubiri amalize kumkagua. Halafu akaunyanyua mkia taratibu, akachoma sindano chini yake, damu ikajaa kwenye kichupa, na Shangazi hata hakutikisa sikio.

"Huyu kijana ana mkono," mama alisema. Mpole alikuwa na miaka hamsini na tatu.

"Mama," aliuliza akiwa anaandika, "kuna aliyewahi kutupa mimba hapa?"

Mama alinitazama mimi kwanza. "Huyo huyo Shangazi. Mwaka jana. Mwanangu alikuwa amekwenda mafunzoni. Ndama alitoka wa miezi saba, nimemvuta mimi mwenyewe kwa mikono."

"Mitupu?"

"Ningevaa nini, baba? Glavu za harusi?"

"Mbona hukuniambia?" niliuliza.

"Nikuambie nini? Ulirudi na cheti chako, umefurahi, nikuharibie siku?"

Dada Mkuu alimwomba mama naye atoe damu. Alikunja mkono wa nguo bila kubisha, akageuza uso upande mwingine, akanishika kidole gumba kama nilivyokuwa nikimshika yeye zamani kwenye foleni ya chanjo.

Kipimo cha kwanza hakichelewi. Unachanganya tone la maji ya damu na tone la dawa yenye rangi ya waridi, unatikisa kisahani dakika nne. Damu salama hubaki laini, yenye ugonjwa hufanya punje punje kama maziwa yaliyokatika. Mpole alikifanya juu ya meza yetu ya kulia, mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Visahani viwili vya ng'ombe vilibaki laini. Viwili vikafanya punje, na kimoja kilikuwa cha Shangazi. Cha mama kikafanya punje pia. Mpole alikifunika kwa kiganja chake mpaka mama alipotoka nje, kisha akaniambia vitapimwa tena kwa mashine kule kwao ili pasiwe na shaka.

Shaka haikuwapo. Jumatatu majibu yalikuja, yamepigwa muhuri na ofisi mbili.

Nilimkuta mama anachambua mchele. Nilikaa chini mkekani, nikamweleza yote kwa mpangilio kama ninavyowaeleza wafugaji: ugonjwa, vipimo, ng'ombe wawili kwenda machinjoni chini ya usimamizi, fidia ipo, na yeye dawa za wiki sita. Aliendelea kuchambua. Nilipofika kwa wagonjwa wa ng'ambo, nilisema ni saba, mmoja amepoteza mimba.

Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Nani?"

"Siruhusiwi kusema, mama. Ni siri ya mgonjwa."

"Nina mteja mjamzito mmoja tu," alisema. "Fundi cherehani, wa nyumba yenye mlango wa bati. Mumewe dereva wa malori. Ni wiki ngapi sasa nabisha hodi hafungui. Nikasema labda amekwenda kwao kujifungulia."

Niliinamisha macho kwenye mchele, na hilo likawa jibu.

"Kila siku nilimwongezea kikombe kizima," mama alisema. "Nilikuwa namwambia, hiki si chako, hiki ni nyongeza ya mtoto. Alikuwa anakunywa pale pale mlangoni, mbele yangu, ili nifurahi." Aliusogeza ungo pembeni. "Wanasema wema hauozi. Wangu umeoza, mwanangu. Umeozea kwenye tumbo la mtu."

Nilimlalia mapajani, mimi mtu mzima mwenye cheti, na yeye akawa ananipapasa kichwa ingawa ni yeye aliyestahili kupapaswa. Kisha aliuliza, "Ulipoulizwa kule mkutanoni, ulisema mwenyewe?"

"Nilisema."

"Kwamba ni mimi?"

"Kwamba ni mama yangu."

Akashusha pumzi. "Basi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Afadhali limetoka kwako kuliko kwa jirani."

Ng'ombe wawili walichukuliwa siku ya pili yake. Asubuhi mama alitaka kumwosha Shangazi; nikamvalisha mama glavu, naye akakubali bila mzaha wowote. Alimsugua mgongo, kwato, nyuma ya masikio. Lori lilipofika, Shangazi alipanda bila kuvutwa, akageuka akasimama akitazama mbele kama abiria aliyelipia. Shangazi yule mwingine, dada wa baba, alikuja kukaa nasi siku nzima. Alipika, akaosha vyombo, akaondoka jua likiwa linazama.

Siku iliyofuata mama alivaa kofia yake akaniambia, "Twende."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

Tulivuka daraja kwa miguu. Mlinzi aliuliza maziwa yako wapi leo, mama akamjibu yamepumzika. Kwenye mlango wa bati alibisha mara tatu, akasubiri. Nikadhani tutarudi. Halafu komeo likavutwa.

Fundi cherehani alikuwa mwembamba kuliko nilivyomfikiria, macho yamebonyea. Nyuma yake cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na vitambaa vya wateja vimerundikana kitini.

"Karibuni," alisema. "Kaa, bibi."

"Kabla sijakaa, niseme." Mama alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Maziwa yaliyokudhuru ni yangu. Sikujua, lakini ni yangu. Nilikuzidishia kwa mkono wangu huu, nikakusimamia mpaka umalize. Nimekuja ili ujue kwamba najua. Ukitaka niondoke, nitaondoka, na sitabisha tena mlango huu."

Fundi alikuwa ameegemea ukuta, vidole vinavuta uzi kwenye mkono wa gauni lake.

"Hospitali waliponiambia ni maziwa, sikuuliza ya nani," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakusikia ukibisha. Nakaa kitandani pale, nakusikia, nakuchukia. Sikufichi, bibi. Nilikuchukia sana." Uzi ukakatika. "Halafu siku moja nikachungulia dirishani. Nikakuona umejiinamia kwenye baiskeli, umeshika kiuno, unataka kupanda huwezi. Maumivu yale nayajua, ndiyo ninayolala nayo. Nikasema, kumbe na huyu anakunywa yale yale."

"Nakunywa yale yale," mama alisema.

"Kaa basi. Usisimame na mgongo huo."

Mama alikaa. Fundi naye akakaa kando yake, na hawakushikana wala hawakukumbatiana. Walilia kila mmoja akitazama mbele yake, hadi fundi alipoinuka kutafuta kitambaa, akakosa, akachana kimoja kwenye rundo la mabaki, akampa mama nusu.

Dawa za ugonjwa huo ni za aina mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa imekwisha kwenye hospitali yetu. Zamani hilo lingekuwa tatizo letu peke yetu. Jumatano ile Dada Mkuu alisema kwa kifupi kwamba dozi kumi za kwake zinatosha wagonjwa wanane, na mama mmoja wa ng'ambo haongezi mzigo. Mzee Sindano naye akaahidi chanjo ya ndama kwa mazizi ya upande wao yaliyokuwa yakisubiri. Iliandikwa kwenye fomu moja, ya lugha moja, tarehe ikitangulia mwezi. Katika tarehe walikuwa wamekubali mtindo wetu, na sisi tukakubali jina lao la ugonjwa.

Kwa hiyo kwa wiki sita mama alivuka daraja kila asubuhi kumeza vidonge vyake mbele ya muuguzi, na akitoka hospitali alipitia kwa fundi, ambaye naye alikuwa kwenye dozi ileile. Siku ya pili alirudi nyumbani mbio, kapauka. "Mwanangu, nakufa. Nimekwenda chooni, nimekojoa rangi ya chungwa." Nikamwambia ni dawa tu. Kesho yake akamuuliza fundi kama naye ameona, fundi akasema ameona, alikuwa anaona haya kuuliza. Nadhani ndiyo siku walipocheka pamoja mara ya kwanza.

Sikuwa nao siku nyingi, kwa hiyo mengi nayajua kwa kusimuliwa. Mama alianza kumsaidia kufumua pindo na kutia vifungo. Shuka likaondoka kwenye cherehani. Kuna asubuhi fundi alikataa kuongea, mama akakaa tu, akatia vifungo, akaondoka. Kuna asubuhi walimzungumzia mtoto. Alikuwa wa kike, mama aliniambia, na hakuniambia zaidi, na sikumdadisi.

Wiki ya nne jasho la jioni lilikoma. Wiki ya sita mama aliinama kuokota ndoo, akainuka, akabaki ameduwaa uani. "Hebu," alisema, akainama tena bila sababu yoyote, akainuka. Nilikuwa jikoni nikimwona kwa dirisha. Nilizima jiko nikatoka nikainama naye.

Ng'ombe wawili waliobaki walipimwa tena mara mbili wakaonekana salama. Mama alinunua sufuria kubwa ya kuenea mbuzi mzima, akaanza kuuza maziwa yaliyochemshwa tu. Wateja wengine walinung'unika kwamba hayana ladha. Aliwaambia ladha wataikuta kwingine, yeye anauza usingizi. Jumatano moja tulimwalika aje kuongea na wauza maziwa wa pande zote mbili, kwa sababu sisi tulikuwa tumeongea mwezi mzima na hakuna aliyetusikiliza. Hakuleta karatasi. Aliwasimulia ndama aliyemvuta kwa mikono mitupu, akawasimulia nyongeza ya mtoto, akaketi. Kabla ya saa sita walikuwa wameandikisha ng'ombe mia na ishirini. Mpole aliishiwa vichupa, ikabidi niende mbio kwetu kumletea vyetu.

Mwisho wa mwezi huo nilimfuata mama kwa fundi nikamkuta amesimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha, na fundi amepiga magoti anampima urefu kwa futi ya kamba, pini zimejaa midomoni. Lilikuwa gauni la mama, la kitambaa cha bluu iliyokolea.

"Simuuzii," fundi aliniambia kwa pembe ya mdomo. "Asijaribu hata kuuliza."

"Nimeshauliza mara tatu," mama alisema. "Mkali huyu."

"Simama wima, mama. Unajipinda."

"Nimezoea kujipinda."

"Sasa zoea kusimama."

Mama akajinyoosha. Fundi akapitisha futi kiunoni, akasoma namba, akaniambia niiandike, nikatafuta kalamu kwenye mkoba wangu wa kazi nikaiandika.